Bomba la Baba Mkwe

Dakika kumi na mbili. Ndizo Msusi alizotumia asubuhi hiyo kuondoa povu kwenye kichwa kimoja tu. Mteja alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kuoshea, shingo imekaa kwenye sinki, na bomba la mkononi linatoa maji membamba kama utambi wa taa.

"Unaniosha au unanibatiza?" mteja aliuliza, macho yamefumbwa.

Msusi alicheka cheko la midomoni. Moyoni alikuwa anasaga meno. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu maji yanakuja kwa kusuasua. Jikoni, mtu aliweza kukinga sufuria ya chai, akaenda kufagia ukumbi, akarudi akaikuta haijafika nusu. Bafuni, shawa ilidondosha matone kwenye bega moja na kulinyima la pili. Na saluni yake, kile chumba cha mbele kilichotazama barabara, haikuwa na kazi ya maana isiyohitaji maji.

Alikuwa amejipanga na ndoo mbili pembeni ya sinki. Kila alfajiri alizijaza polepole, na kila zilipoisha alimwosha mteja kwa kopo, huku akijikaza kutabasamu kwenye kioo.

Nyumbani walikuwa watatu. Mumewe alikuwa dereva wa malori, leo yuko huku, kesho yuko kule, na akirudi hukaa siku tatu. Wa tatu alikuwa baba mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee. Nyumba aliijenga yeye wakati mwanawe bado anatambaa. Matofali alifyatua yeye, paa aliezeka yeye, na bomba kuu la maji, la chuma, alilichimbia na kulilaza yeye mwenyewe kutoka kwenye mita ya uchochoroni nyuma ya nyumba, likapita chini ya chumba chake, jikoni, bafuni, mpaka mbele.

"Bomba hili litawazika nyote," alizoea kusema, akigonga sakafu kwa kisigino.

Miaka mitatu nyuma, walipokuwa wanatengeneza saluni, mwanawe alipendekeza waling'oe waweke la plastiki. Mzee hakula nao mezani wiki nzima. Wakaliacha.

Siku hiyo mteja alipoondoka, Msusi alimfuata Mzee ukumbini. Mzee alikuwa anasikiliza redio.

"Baba, haya maji yanazidi kupungua."

"Ni mji mzima, mwanangu. Hata redioni wamesema."

"Walisema lini?"

"Walisema," Mzee akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Alimpigia mumewe. Mumewe akasema akirudi ataangalia.

"Ulisema hivyo safari iliyopita."

"Sasa niko barabarani, mke wangu. Nitalikagua bomba kwa simu?"

Msusi alikata. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, kisha akatafuta namba ya fundi bomba ambaye wateja wake walimsifu. Hakumwomba mtu ruhusa.

Fundi alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, ovaroli ya bluu, na mtaani walimwita Spana. Hakuharakisha kufungua mkoba. Kwanza aliuliza.

"Ni bomba moja au yote?"

"Yote."

"Na jirani zako je?"

"Sijui," Msusi alisema. "Huyu wa pembeni ni dobi. Anafua kutwa, sijamsikia akilia."

"Basi si mji," Spana akasema. "Dada, maji hayapungui bure. Ama yamezibwa, ama yamefungwa, ama yanamwagika mahali usipopaona. Tuanze na rahisi."

Alifungua kichwa cha bomba la mkononi. Vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe, akakitumbukiza kwenye siki. Nyuma ya sinki alikuta mpira umejikunja kama kiwiko, akaunyoosha. Jikoni alifungua kichujio kidogo cha mdomo wa bomba, akakigongea kiganjani. Zilidondoka punje za mchanga na vipande vyembamba vya rangi ya kahawia. Akavisugua kwa vidole.

"Hii kutu. Bomba kuu ni la chuma?"

"Ni la chuma," sauti ilijibu kutoka mlangoni. "Na chuma cha namna hiyo siku hizi hakipo." Mzee alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mzee," Spana akasema.

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Ni mimi, Baba," Msusi akasema, akitazama sakafu.

Wakaenda wote watatu uchochoroni. Mita ilikuwa ndani ya kisanduku cha zege chenye kifuniko cha chuma, na kando yake ile koki kuu inayofungulia maji ya nyumba nzima. Spana aliinama, akaishika, akatikisa kichwa.

"Hii imefungwa nusu. Nani kaifunga?"

"Labda wasoma mita," Mzee akasema. "Wale vijana hawana adabu."

Spana akaizungusha mpaka mwisho. Maji yakanguruma ndani ya bomba. Msusi alikimbilia saluni, akafungua, na maji yakaruka kwa nguvu yakamlowesha kifua. Alipiga kelele kama aliyeitiwa zawadi. Aliporudi nyuma alimkuta Spana bado amechutama.

"Sasa fungeni mabomba yote ndani," Spana alikuwa anasema. "Nataka nione kama mita itaendelea kuzunguka. Ikizunguka hali mmefunga, basi kuna maji yanavuja."

Mzee akakisukuma kifuniko kwa mguu, kikafunga kwa kishindo.

"Maji yamekuja. Unatafuta nini tena?"

Spana akamtazama Msusi. Msusi, furaha imemjaa na nguo inamdondosha maji, akasema, "Mwache, fundi. Yametosha. Mungu akubariki."

Neno hilo alikuja kulijutia.

Maji yalidumu siku mbili. Siku ya tatu, bomba la saluni likarudia unyonge wake. Msusi alikifungua kichwa cha bomba, kisafi. Akatazama mpira, umenyooka. Kilichobaki ni koki, lakini alikuwa na kichwa cha mteja mkononi.

"Baba!" aliita. "Hebu nitazamie ile koki ya nje."

Mzee alitoka, akakaa kidogo, akarudi. "Iko wazi."

"Wazi kabisa?"

"Nimekwambia iko wazi, mwanangu."

Na baba mkwe hatiliwi shaka. Msusi akabaki na hasira isiyo na mwenyewe, ikizunguka ndani ya kifua inatafuta pa kutua. Asubuhi iliyofuata, akiwa anangoja ndoo ijae, akasikia pampu ya Dobi ikivuma nyuma ya ukuta. Ilivuma kwa raha, kwa shibe, na hasira ikapata pa kutua.

Alivuka akiwa na kitana bado kimechomekwa nywelani. Dobi alikuwa uani kwake, mtu mpole mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, na wateja watatu wanangoja nguo zao.

"Zima hiyo pampu!" Msusi alisema, hata salamu hakutoa.

"Jirani, kuna nini?"

"Unavuta maji ya mtaa mzima, sisi tunakinga matone! Unafikiri hatusikii?"

"Pampu yangu inapandisha maji kutoka kwenye pipa la chini kwenda kwenye tangi la juu," Dobi alisema polepole. "Haijaungwa kwenye bomba la mtaa. Njoo uone mwenyewe."

"Sina haja ya kuona. Wewe ni kupe. Unanenepa kwa damu za wenzako!"

Wateja waliangalia pembeni. Mmoja alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Dobi aliifuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Haya, dada," akasema. "Siku utakayotaka kuona, mlango hauna kufuli."

Msusi aliondoka kichwa juu, lakini alipofika kwake alikuta ndoo haijafika robo.

Jumamosi ilikuwa siku ya Mwalimu. Huyu mama alifundisha shule ya msingi iliyo jirani, na kwa miaka mitatu hakuwa amempelekea mtu mwingine kichwa chake. Alikuja kutia dawa ya kulainisha nywele, kwa sababu Jumatatu wageni wa shule walikuwa wanakuja naye ndiye atakayetoa hotuba. Msusi alijaribu bomba kwanza. Maji yalikuwa ya wastani. Si ya kusifu, si ya kulaani. Akaona yatatosha.

Akavaa glovu, akapaka mafuta pembezoni mwa kichwa, kisha akaanza kutia dawa, fungu kwa fungu. Dawa ile haina mchezo. Ikifika muda wake sharti itoke, na itoke kwa maji mengi, la sivyo inageukia ngozi.

"Inaanza kuwasha," Mwalimu alisema.

"Bado kidogo."

"Inawasha sana nyuma ya sikio."

Msusi akamlaza haraka kwenye sinki, akafungua bomba. Likatema mate mara mbili, likatoa uzi mmoja wa maji, kisha uzi nao ukakatika.

Alizungusha bomba mpaka likagoma. Akazigeukia ndoo: moja tupu, nyingine ina kopo moja la maji chini yake. Akalimwaga lote. Halikufika hata kisogoni.

"Msusi, naungua!"

"Vumilia, mwalimu wangu, nakuja, nakuja!"

Alikimbia. Viatu vilimtoka mlangoni, akaviacha. Alipofika uani kwa Dobi hakuwa na pumzi ya kuomba wala uso wa kuombea. Alisimama tu na ndoo mkononi, glovu zimejaa dawa nyeupe.

"Maji," akasema. "Kuna mtu anaungua kichwa."

Dobi hakuuliza neno. Alikinga kwenye bomba lake, na ndoo ikajaa kabla Msusi hajavuta pumzi ya tatu. Akabeba mbili za kwake, Msusi ile moja, wakakimbia. Dobi aliweka ndoo chini, akarudi kuchota nyingine, na nyingine tena, huku Msusi anamimina, anasugua, anamimina, na Mwalimu analia kwa sauti ndogo, bila kujificha, kama wale watoto anaowafundisha.

Dawa ikatoka. Nyuma ya sikio la kulia ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu, na lengelenge dogo limeanza kuinuka.

"Nisamehe," Msusi alisema.

Mwalimu aliinuka. Alifunga kichwa kwa taulo, akachukua mkoba wake, akaenda zahanati na taulo hilo hilo la saluni.

Msusi alimgeukia Dobi.

"Jirani, mimi juzi…"

"Ya juzi baadaye," Dobi alisema. "Mimi bomba langu linatoka vizuri, na sisi tunakunywa bomba moja la mtaa. Kaangalie kwako."

Msusi akaenda uchochoroni akiwa hana viatu. Na pale, kwenye kisanduku cha zege, alimkuta Mzee. Alikuwa amepiga goti moja, kifuniko kimefunuliwa, mkono wake umeshika koki. Alikuwa ameifunga, na sasa alikuwa anaifungua tena kidogo.

Walitazamana. Msusi alisikia maneno mengi yakimpanda kooni, na mengi yake hayakuwa ya kumwambia mkwe. Akayameza moja baada ya jingine.

"Baba," alisema mwishoni. "Mwalimu ameungua kichwa. Sasa hivi. Nilifungua bomba, maji hayapo."

Mkono wa Mzee ulitoka kwenye koki.

"Ameungua sana?"

"Baba, ni wewe siku zote?"

Mzee alijiinua kwa kushika ukuta. Alitembea taratibu mpaka chumbani kwake, Msusi nyuma yake, akafungua mlango ambao yeye mkwe hakuwahi kuuvuka. Harufu ya unyevu ilimpiga puani. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka dirishani. Mahali kilipokuwa, sakafu ilikuwa imepasuka mstari mrefu, na mpasuko ule ulikuwa unatoa maji. Matambara yalikuwa yametandazwa kila upande, mengine ni mashati yake mazuri. Chini ya ukuta rangi ilikuwa imevimba na kubanduka mpaka usawa wa goti. Beseni lilikuwa pembeni, limejaa.

"Ukiifungua koki yote, sakafu inalia," Mzee alisema. "Ukiifunga nusu, inapungua, nakausha kwa tambara. Leo ilizidi. Nilitaka niifunge kwa dakika chache tu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne hii."

Wiki ya nne. Msusi aliwaza zile ndoo, kopo, wateja waliohama kimyakimya. Akawaza alivyomwita Dobi kupe mbele ya watu. Akamwona mzee wa miaka sabini na kitu akikamua mashati usiku na mchana ili mkwewe asijue. Alitaka kupiga kelele na alitaka kulia, akajikuta ameshika tambara, amechutama, anakausha.

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Ningesema nini? Kwamba bomba limenishinda?" Akakaa kitandani. "Nilimwambia mwanangu litatuzika. Nilimkatalia mbele yako."

"Na ukaacha nikamtukane jirani."

Hapo Mzee aliinamisha kichwa, na Msusi hakumwonea huruma. Alimaliza kukausha, akatoka, akafunga koki kabisa, akampigia Spana.

Spana alipoona mpasuko alipumua kwa pua. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema kwa sauti ya chini, lakini Mzee alisikia.

"Sema tu, fundi. Nimeshaumbuka."

Mumewe alirudi siku iliyofuata, akamkuta baba yake kalala kwenye kochi la ukumbini na kitanda chake kimesimamishwa ukutani. Alipoambiwa, alikasirika kuliko Msusi. Alianza kusema, "Miaka mitatu iliyopita nilikwambia…" Msusi akamshika mkono.

"Wewe pia ulisema utaangalia," akamwambia. "Shika sururu."

Walichimba. Spana alitaka kupasua sakafu yote kulitafuta bomba, lakini Mzee alisimama mlangoni mwa chumba chake, akanyoosha fimbo. "Linapita hapa. Linakata kona hapa, futi mbili kutoka ukutani. Hapa nilikutana na jiwe, nikalizunguka." Na walipopasua, bomba lilikuwa pale pale, hata lile jiwe.

Tundu lilikuwa dogo, la kupitisha msumari. Lakini Spana alipokata kipande cha bomba na kukiinua kwenye mwanga, wote walisogea kutazama. Kutu ilikuwa imelijaza kutoka pande zote, na njia iliyobaki katikati haikuzidi unene wa penseli.

"Magonjwa mawili," Spana alisema. "Hata lisingetoboka, lilikuwa linajifunga lenyewe. Ile koki ilimalizia tu."

Mzee alikiomba kipande. Akachungulia ndani yake kwa jicho moja, muda mrefu, kisha akakiweka chini pamoja na vingine.

Bomba jipya la plastiki lilipitishwa nje, ukutani, mahali ambapo kila mtu anaweza kuliona. Kazi ilichukua siku nne. Spana alipofungua koki mara ya mwisho, aliwafungisha mabomba yote, akachutama mbele ya mita na kumwita Mzee aje kutazama. Kisindano kilikuwa kimesimama tuli.

"Haizunguki," Mzee akasema.

"Haizunguki," Spana akasema.

Jioni ile Msusi alivuka kwa Dobi. Alichagua saa ambayo wateja walikuwepo, kwa sababu matusi aliyatoa wakiwepo wateja. Alisema wote wakisikia kwamba alikosea, kwamba maji yalikuwa yanamwagika kwake mwenyewe, na kwamba pampu ya Dobi haina kosa. Maneno yalikuwa magumu kuyatoa kuliko alivyodhani. Dobi aliendelea kupiga pasi.

"Nimesikia, jirani," akasema.

Hakutabasamu. Siku kadhaa zilipita kabla hajaanza tena kumwitikia salamu kwa moyo.

Mwalimu alitoa hotuba yake akiwa amejifunga kilemba, Msusi aliambiwa na wengine. Mara mbili alikwenda kumwona na dawa ya kupaka, na mara zote mbili alipokelewa mlangoni, kwa heshima, bila kukaribishwa ndani. Wiki ya tano Mwalimu alitokea saluni, akakaa kwenye kiti cha mbali kabisa na sinki.

"Nisuke," akasema. "Nywele kavu. Maji sitaki kuyasikia."

"Lakini sasa yanatoka, Mwalimu. Ngoja nikuonyeshe…"

"Nimesema kavu."

Msusi akachukua kitana. Alisuka polepole, akiliepuka lile kovu la nyuma ya sikio, mpaka akafika katikati ya kichwa. Huko nyuma, Mzee alikuwa amefungua bomba la uani anaosha miguu yake, na maji yalisikika mpaka saluni.

"Mwambie afunge," Mwalimu alisema. "Yanamwagika bure."

"Baba!" Msusi aliita. "Funga maji!"

"Nafunga, mwanangu," Mzee akajibu, na akafunga.